"Kijerumani Tulishamaliza Mwaka Juzi" na Dhana Nyingine Kuhusu Tovuti za Lugha Nyingi

Kauli hiyo naisikia kila msimu wa Juni unapokaribia. Wanaoitoa ni wenye kampuni za utalii wa Arusha, Moshi na Unguja, watu wanaoijua kazi yao sawasawa. Huwa sibishani nao. Nawaomba tu wafungue ukurasa wa bei wa Kijerumani tuusome pamoja, na kabla hatujafika katikati mtu anauliza: "Hii bei ni ya lini?"

Kazi yangu ni kusimamia tovuti zinazouza safari kwa lugha tatu, nne, wakati mwingine sita. Naandika haya kwa wenye kuuza, na kwa vijana wa ofisini wanaokabidhiwa nywila ya tovuti bila maelezo yoyote.

Dhana: Ukishatafsiri, umemaliza

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Ukurasa wa historia ya kampuni unaweza kukaa miaka mitano bila kuguswa. Ukurasa wa mauzo hauna bahati hiyo. Ada za hifadhi hupanda, kambi hufungwa, masharti ya kughairi safari hubadilishwa na mwanasheria, hoteli ya usiku wa mwisho hubadilishwa kwa sababu wenyewe wameongeza bei. Kila badiliko la namna hiyo kwenye Kiingereza linaufanya ukurasa wa Kijerumani, wa Kifaransa na wa Kihispania useme uongo, hata kama tafsiri yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi siku ilipowekwa.

Chukua bima ya Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje anayeingia visiwani anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine ya kwao. Kuongeza jambo hilo kwenye ukurasa wa Kiingereza ni kazi ya dakika mbili, na ofisi nyingi nilizopita zilikuwa zimeifanya. Nikifungua ukurasa wa Kiitaliano wa kampuni hiyo hiyo, hakuna neno. Sasa Mwitaliano aliyesoma kila mstari kwa lugha yake, akapiga hesabu ya familia nzima, anakutana na bima hiyo uwanja wa ndege. Atalipa, hana ujanja. Hasira zake ataziweka kwenye maoni ya mtandaoni, nyota mbili, na ataandika kwamba mlimficha.

Au Kenya. Tangu Januari 2024 viza imeondolewa na mahali pake ikaja idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile eTA, inayoombwa kabla ya safari. Bado nakutana na kurasa za Kifaransa na Kihispania za safari za Maasai Mara zinazomwelekeza mgeni kuomba viza kwa utaratibu wa zamani. Mgeni wa namna hiyo anaweza kukwama kwenye kaunta ya ndege huko huko kwao, na pakeji aliyolipia inaanza bila yeye.

Chanzo mara nyingi si uzembe. Meneja anamwambia kijana, "Badilisha bei ya Machame," ile njia ya kupanda Kilimanjaro. Kijana anafungua ukurasa wa Machame, anabadilisha, anahifadhi, anaenda kula. Ametekeleza alichoambiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa wa Machame una wenzake wanne, na mfumo haukumkumbusha.

Dawa ya kwanza: bei isiandikwe kamwe ndani ya maandishi. Iwekwe mahali pamoja kwenye mfumo, na kila lugha iivute kutoka hapo. Ukibadilisha mara moja, imebadilika kote. Hivyo hivyo tarehe za kuondoka, idadi ya juu ya wasafiri, nambari za simu na kiasi cha malipo ya awali. Fundi wa tovuti akikwambia haiwezekani, tafuta fundi mwingine.

Dawa ya pili ni jedwali, la Excel au la aina yoyote. Kila ukurasa una mstari wake, kila lugha ina safu yake. Ndani ya kisanduku usiandike "tayari", maana "tayari" haikwambii kitu. Andika tarehe ya toleo la Kiingereza ambalo tafsiri hiyo imetoka. Mfano: Machame siku 7, Kiingereza kimebadilishwa tarehe 12 Mei, Kijerumani kinaonyesha 12 Mei, Kifaransa kinaonyesha 3 Februari. Huhitaji kujua Kifaransa kuona kwamba kimebaki nyuma. Watu hukosea hapa kwa kuandika tarehe ambayo mfasiri alileta kazi. Mfasiri anaweza kuleta kazi leo aliyoifanya kutoka toleo la mwaka jana, na nimeona ikitokea.

Si kila badiliko linadai mbio. Koma iliyorekebishwa kwenye Kiingereza haihusu lugha nyingine. Mimi nayagawa mafungu mawili: bei, masharti, viza, bima na usalama huenda kwenye lugha zote siku hiyo hiyo, maelezo ya mandhari na picha husubiri mwisho wa mwezi. Ikiwa mfasiri hapatikani siku ya badiliko la fungu la kwanza, ondoa ile aya iliyopitwa na wakati kwenye lugha hiyo. Pengo la siku tatu halimdanganyi mtu.

Na kama ofisi haina uwezo wa kuzihudumia lugha zote, punguza lugha. Hapa ndipo wateja wangu hununa. Lakini mwenye Kiingereza na Kijerumani vinavyosema kweli anauza vizuri kuliko mwenye bendera sita juu ya ukurasa na bei za miaka minne tofauti. Lugha unayoifunga usiifute kimya kimya: elekeza kila anwani yake ya zamani kwenye ukurasa wa Kiingereza unaolingana nayo, ili viungo vilivyoko nje visife.

Kuna anayejifariji kwamba mgeni wa mbali hana pa kumshikia. Taratibu. Tarehe 7 Desemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi za Pammer na Hotel Alpenhof, ilisema tovuti kuonekana tu katika nchi ya mteja hakutoshi. Ila ilitaja dalili zinazoonyesha mfanyabiashara anawalenga wateja wa nchi nyingine, na miongoni mwake ni kutumia lugha au sarafu isiyo ya kawaida huko aliko, huku mteja akiweza kuweka nafasi kwa lugha hiyo. Akionekana amewalenga, mteja anaweza kumshtaki kwenye mahakama za kwao. Wafanyabiashara wa kesi hizo walikuwa wa humo humo Ulaya, lakini mwenye kuuza kwa Kijerumani na kwa yuro kutoka Moshi azisome kabla ya kusema ukurasa ule ni pambo tu.

Dhana: Kitufe cha kutafsiri papo hapo kinatosha

Kivinjari cha mgeni kinaweza kutafsiri chenyewe. Kitufe chako kimemwongezea nini?

Tatizo kubwa liko kabla hajafika. Kitufe cha namna hiyo hubadilisha maneno kwenye skrini ya aliyekwisha kuingia. Hakitengenezi ukurasa wenye anwani yake ambao Google inaweza kuusoma na kuuonyesha. Mjerumani anayepanga kupanda mlima anaandika "Kilimandscharo", na akitaka pwani anaandika "Sansibar". Mfaransa anaandika "Kilimandjaro". Tovuti yako yenye Kiingereza na kitufe haina maneno hayo popote. Hata waliotafsiri kikamilifu hukosea hapa: wanaacha "Kilimanjaro" kwenye kichwa cha ukurasa wa Kijerumani kwa sababu ndilo jina letu. Jina ni letu, sawa, lakini anayetafuta ni yeye.

Mashine siipingi, naitumia kila siku kwa rasimu ya kwanza. Sharti langu ni kwamba mtu anayeijua lugha ausome ukurasa wote kabla haujapanda, na aanzie kwenye tarakimu. Kwa Mjerumani koma ni alama ya desimali, kwa hiyo "1,250" kwake ni moja na robo; kwao huandikwa 1.250. Tarehe 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwa Mwingereza ni Aprili 3. Andika jina la mwezi, yaishe.

Dhana: Google itajipangia yenyewe

Itajitahidi, na itakosea. Lebo za hreflang, zinazofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, zipo tangu 2011 kwa kazi hii hii: kuieleza Google kwamba kurasa hizi ni ndugu, huyu ni wa Kijerumani, yule wa Kifaransa. Hazikupandishi kwenye matokeo. Zinasaidia anayetafuta aonyeshwe toleo linalomfaa. Kila ukurasa utaje wenzake wote na ujitaje wenyewe, na wenzake wautaje nao. Asiyetajwa upande wa pili hupuuzwa. Kiingereza cha Uingereza ni en-GB, en-UK haipo. Kiswahili ni sw, wala si tz au ke, hizo ni alama za nchi na huja baada ya lugha: sw-TZ, sw-KE.

Kuna kosa moja linaloua kimya kimya. Plagini nyingine, zile programu ndogo za kuongezea kwenye tovuti, huweka lebo ya canonical ya kila tafsiri, ile inayotaja ukurasa ulio wa asili, ielekee ukurasa wa Kiingereza. Hapo umeiambia Google kwamba Kijerumani ni nakala tu na cha kuzingatia ni Kiingereza. Kisha mwenye kampuni ananiuliza kwa nini Wajerumani hawaji.

Dhana: Mgeni apelekwe kwenye lugha ya nchi aliko

Mjerumani anayeishi Dubai umfungulie Kiarabu? Uswisi ina lugha nne za taifa, utachagua ipi? Isitoshe, roboti ya Google hupita mara nyingi kwa anwani za mtandao za Marekani, kwa hiyo ukilazimisha kila wa Marekani aende kwenye Kiingereza, kurasa nyingine huenda zisionwe kabisa. Pendekeza kwa mstari mdogo juu ya ukurasa, mgeni aamue. Orodha ya lugha iwe na majina yake yenyewe, Deutsch, Français, Kiswahili, bila bendera. Na akibadilisha lugha akiwa kwenye ukurasa wa Lemosho, njia nyingine ya Kilimanjaro, abaki Lemosho; kumrudisha mwanzo ni kumfukuza.

Dhana: Kiswahili hakiuzi, kiwekwe kwa heshima tu

Hakiuzi kwa sababu mmekitafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno. Nimesoma ukurasa wa Kiswahili unaomweleza Mtanzania namna ya kuomba viza ya Tanzania. Unampa bei ya dola, unamshauri achanje kabla ya kuja Afrika, na haumwambii bei ya mkazi.

Toleo la lugha nyingine si lazima liseme yale yale. Hata Wamarekani na Wajerumani hawalingani: Mmarekani hulipia viza ya Tanzania dola 100, ya kuingia mara nyingi, wakati wageni wengi wengine hulipa dola 50 kwa ile ya kawaida. Kwa raia wa Afrika Mashariki ada za hifadhi ni za shilingi na ziko chini mno ya anazolipa mgeni. Ukurasa wa Kiswahili uanze na bei ya shilingi kwa kichwa, kitambulisho cha kubeba getini, malipo kwa simu na kama mnapokea kwa awamu, na gari linaondoka wapi Ijumaa jioni. Simba na machweo vije baadaye, msomaji huyu anajua Serengeti ni nzuri.

Na saa! Kiingereza kimeandika boti inaondoka 7:00 asubuhi, mashine ikaleta "saa 7 asubuhi". Nani hapa kwetu ana saa saba ya asubuhi? Mmoja atafika saa moja, mwingine atakuja mchana na tiketi mkononi boti ikiwa imeshafika Unguja. Andika "saa 1:00 asubuhi", na msomaji wa mwisho awe mtu wa hapa.

Dhana: Tafsiri inaishia kwenye ukurasa

Mgeni amesoma Kihispania, amejaza fomu kwa Kihispania, amebofya kitufe cha Kihispania. Ujumbe wa kosa ukaja kwa Kiingereza, barua pepe ya uthibitisho Kiingereza, masharti ya malipo kwenye PDF Kiingereza. Fungueni fomu zenu, zijazeni vibaya makusudi kwa kila lugha, msome kinachotokea.

Kama hamna mtu wa kujibu Kihispania, si aibu. Andikeni kwa Kihispania, juu ya fomu, kwamba mnajibu kwa Kiingereza. Wengine wataondoka, na hao wangeondoka tu baada ya barua ya tatu. Watakaobaki watakuwa wanajua wanachoingia, na kijana wa ofisini hatakesha akinakili majibu kwenye mashine ya kutafsiri huku mteja akimuuliza kuhusu mzio wa karanga.