Muvi ya marubani wa Japani ya 1942, watu wanaielewa ndivyo sivyo

Muvi yenyewe inaitwa Hawai Mare oki kaisen, ilitolewa na studio ya Toho Desemba 1942, dairekta Kajiro Yamamoto, na maneno mengi yanayosemwa juu yake sio kweli.

La kwanza, na ndo linaniudhi zaidi, eti zile meli zinazolipuka Pearl Harbor, bandari ya jeshi la Marekani kule Hawaii ambayo Japani iliishambulia Desemba 1941, ni picha halisi za vita. Hapana jamani. Ni vimeli vya kutengeneza, fundi wa picha za ujanja Eiji Tsuburaya na wenzake walijenga bandari nzima kwa udogo ndani ya bwawa la studio, ndege zinaning'inia kwa waya, alafu baruti inalipuliwa majini. Na haikuwa rahisi, jeshi la majini la Japani ndo lilitaka hiyo muvi itengenezwe lakini hapohapo linabana siri zake, ikabidi jamaa wategemee sana picha zilizopigwa angani siku ya shambulio. Ukitaka kushtuka angalia maji yakiruka, tone moja linaonekana kubwa kama mzinga wa meli, maana meli unaweza kuipunguza ila maji hayapunguziki. Huyu Tsuburaya mwenyewe aliwahi kusomea urubani Haneda 1916, na ndo huyohuyo aliyekuja kufanya picha za ujanja za Gojira (Godzilla), muvi ya lile dubwana, 1954.

Wengine wanasema ni muvi ya kamikaze, wale marubani wa kujitoa mhanga. Wapi! Vikosi vya kamikaze vimeanza Oktoba 1944 kule Ufilipino, hawa wa kwenye muvi wanapiga na wanatarajiwa kurudi.

Alafu kuna wanaodhani ni mabomu mwanzo mwisho. Sehemu kubwa ni dogo mmoja wa kijijini anayejiunga na mafunzo ya urubani wa majini, ni makasia, mieleka ya sumo na kukaripiwa, nyumbani kuna mama na dada zake, mmoja kaigizwa na Setsuko Hara. Propaganda ni propaganda, ila hii imepikwa vizuri, haipigi kelele, inakufanya umpende yule dogo kwanza.

Na haiishii Hawaii, kuna Malaya pia, kuzamishwa kwa manowari za Waingereza, Prince of Wales na Repulse, 10 Desemba 1941, na hapo ndege zilitoka viwanja vya nchi kavu huko Indochina.

La mwisho, eti muvi ilitoka wakati Japani bado inashinda vita. Vita vya Midway, ambavyo Japani ilipigwa na Wamarekani, vilishapita tangu Juni, meli za kubeba ndege Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zote zilizopiga Pearl Harbor, zimeshazama, na serikali iliwaficha wananchi ukubwa wa hasara hiyo.