Kisukari kwa mwenye skizofrenia: anzeni na kikombe

Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, anayetumia dawa zake za olanzapini au klozapini akinenepa, nyumbani huambiwa mlafi. Si ulafi. Dawa hizi huchochea njaa na kuufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo kumhubiria ajizuie hakusaidii. Wala asiache dawa ili apungue: ugonjwa ukirudi, hata vidonge vya kisukari hatameza.

Mimi huanza na vinywaji. Artane, inayotolewa kutuliza mtetemeko, hukausha kinywa, naye hukimbilia soda. Chupa ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vya chai. Wekeni jagi la maji mahali analiona, na ndimu akipenda. Kwenye chai, punguzeni nusu kijiko kila wiki. Mkikata yote siku moja, ataifuata kibandani.

Chakula kipakuliwe jikoni na sufuria ibaki huko: nusu sahani mchicha au kabichi, robo ugali, robo maharage au dagaa.

Mazoezi ya asubuhi mara nyingi hushindikana kwa sababu dawa ya usiku bado inamlemea. Atembee baada ya kula, dakika 10 mara tatu kwa siku. Mpeni safari yenye kazi, kama kununua mboga, kuliko kumwambia "kafanye mazoezi".

Jambo linaloniogopesha zaidi ni hili. Anayetumia sindano za insulini au glibenklamidi, kidonge cha kisukari, akilala hadi saa nne bila kula, sukari huweza kushuka. Hutoka jasho, hutetemeka, huropoka, huwa mkali, na familia hudhani kichaa kimerudi. Kabla ya kumshika kwa nguvu, mpimeni sukari kidoleni. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au hamna mashine, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15 mpimeni tena, na akipata nafuu ale. Akiwa hajitambui msimtilie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Sigara nayo ina mtego wake. Moshi wake hulifanya ini livunje klozapini na olanzapini haraka. Akiacha kuvuta ghafla, dawa hujikusanya mwilini ndani ya siku chache: usingizi mzito, mate kumtoka, pengine degedege. Aache, ndiyo, lakini kliniki ijue kabla ya siku yenyewe ili dozi ipunguzwe.