Kinachofika utumbo mpana ndicho chakula cha bakteria

Mtu mzima wa kawaida ana bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, na karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Ukiwakusanya wote, uzito wao ni kama gramu 200 tu. Wamejaa huko kwa sababu za wazi. Mfuko wa tumbo una asidi kali, na katika utumbo mwembamba chakula hupita haraka kikiwa kimechanganyika na nyongo. Kwenye utumbo mpana mwendo hupungua, mabaki hukaa siku nzima au zaidi, na oksijeni karibu haipo.

Bakteria hao hawali ulichokula wewe. Wanakula ulichoshindwa kusaga. Sukari, mafuta na wanga laini humalizwa na utumbo mwembamba kabla havijawafikia. Wao hupata nyuzinyuzi za maharage, maganda ya nafaka, mboga za majani, pamoja na ule wanga unaogoma kusagika kwenye viazi vilivyopoa au ndizi mbichi. Kwa hiyo swali la maana kuhusu chakula chochote, au hata dawa, ni hili: kiasi gani kinafika huko chini, na nani anakitumia?

Nyuzinyuzi zikichachuka ndani ya utumbo mpana hutoa asidi tatu fupi: asetati, propionati na butirati. Hii ya mwisho ndiyo inayotushughulisha zaidi. Seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana hupata takriban asilimia 70 ya nishati yao kutoka kwenye butirati, na zinapoiunguza hutumia oksijeni nyingi, kiasi kwamba oksijeni ya damu haivujii ndani ya utumbo. Hilo huwanyima nafasi bakteria wa magonjwa kama Salmonella na jamaa zake, ambao hustawi oksijeni inapopatikana. Nyuzinyuzi zikikosekana mnyororo huo hulegea. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba bakteria wenye njaa hugeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuula.

Kwa binadamu, ushahidi mzuri ni jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipanda kutoka takriban gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, na mafuta yakapunguzwa. Waafrika Kusini walikwenda kinyume chake. Butirati kwa Wamarekani iliongezeka mara mbili na nusu, na kwa Waafrika Kusini ikashuka kwa karibu nusu. Wiki mbili tu.

Mkoani Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulifuata njia hiyohiyo kwa wanaume 77. Waliotoka kijijini wakapewa mlo wa kizungu, wenye vyakula vingi vya kiwandani, walionyesha damuni dalili zaidi za uvimbe wa ndani, na seli zao za kinga zikawa hafifu kupambana na vijidudu. Wa mjini waliorudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa walipata nafuu, na waliokunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja pia. Tusiwabebeshe bakteria mabadiliko yote hayo, kwa kuwa mlo hubadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja. Wala isichukuliwe kuwa ruhusa ya kunywa pombe kila siku.

Kiasi cha kulenga

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 21. Kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa kina kati ya gramu 12 na 15, yaani nusu ya safari tayari. Gramu 100 za unga wa dona zina takriban gramu 7. Sembe imepoteza sehemu kubwa ya hizo pamoja na pumba.

Wengi hushindwa kwa sababu ya haraka. Aliyezoea sembe na mkate mweupe akijaza sahani maharage kwa siku moja, bakteria watatengeneza gesi, tumbo litajaa, naye atahitimisha kwamba maharage hayamfai. Aongeze gramu 5 hivi kwa wiki, anywe maji ya kutosha, aloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka na maji hayo.

Madini ya chuma na mtoto mchanga

Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga hata kidogo. Zimekusudiwa bifidobakteria, bakteria wenye manufaa ambao huzigeuza asidi na kufanya utumbo usikalike kwa vijidudu vya kuharisha. Hii ni sababu mojawapo ya kusisitiza miezi 6 ya maziwa ya mama pekee.

Baada ya hapo linakuja suala gumu zaidi. Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, watoto wa miezi 6 walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubishi wenye madini ya chuma kwa miezi 4. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta bakteria hatari aina ya E. koli wameongezeka na ukuta wa utumbo una dalili za uvimbe. Sehemu kubwa ya chuma kwenye uji wa mahindi haifyonzwi. Inateremka hadi utumbo mpana, ambako E. koli wanaigombania ilhali laktobasili, bakteria wasio na madhara, karibu hawaihitaji. Jaribio lililofuata, lenye dozi ndogo ya chuma pamoja na sukari fupi za kulisha bifidobakteria, lilipunguza madhara hayo. Mzazi asisome hapa kwamba aache chuma alichoandikiwa mtoto: upungufu wa damu ni hatari kubwa zaidi. Asichopaswa kufanya ni kuongeza dozi kwa kubahatisha.

Dawa za antibayotiki

Amoksilini au siprofloksasini haichagui kijidudu cha ugonjwa peke yake. Kuharisha katikati ya dozi ni jambo la kawaida, na kwa wagonjwa wengine, hasa wazee waliolazwa, nafasi iliyoachwa wazi huchukuliwa na bakteria Clostridioides difficile, ambaye sumu yake huunguza utumbo. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi waliwatibu wagonjwa waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa huo kwa kuwawekea utumboni kinyesi cha mtu mwenye afya: 13 kati ya 16 walipona kwa mara ya kwanza, dhidi ya 4 kati ya 13 waliopewa antibayotiki ya vankomisini peke yake. Ni tiba ya hospitali. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyeambukizwa E. koli sugu kupitia kinyesi ambacho hakikupimwa ipasavyo.

Mtoto anayeharisha maji bila damu kwa kawaida hahitaji antibayotiki. Kisababishi mara nyingi ni virusi. Anahitaji ORS, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6). Damu kwenye choo, macho kuzama, kulegea au kushindwa kunywa: kituo cha afya mara moja. Na chai za "kusafisha utumbo" zinazouzwa mitandaoni hazisafishi chochote, zinaharishisha tu.

Togwa

Kwa mtu asiyeweza kumudu vidonge vya bakteria wenye manufaa, togwa, yaani uji uliochachushwa, inatosha sana. Pika uji wa gramu 100 za unga wa mahindi kwa lita moja ya maji, uupoze hadi uwe vuguvugu, kisha koroga vijiko viwili vya unga wa kimea cha ulezi na kama desilita moja ya togwa ya jana. Funika, uache saa 12 hadi 24. Kimea kikiingia uji ukiwa moto, vimeng'enya vyake na bakteria hufa, na uji hubaki mzito bila kuchachuka. Ukitumia kimea cha mtama, ondoa vichipukizi na vimizizi vyote kabla ya kusaga, kwa kuwa vina sianidi.

Usionje mapema. Kimea kibichi hubeba vijidudu vya udongoni, na kinachovizuia ni uchachu wenyewe, pH inaposhuka chini ya 4.5. Ikiota ukungu, mwaga yote. Mahindi yenye kuvu pia hayafai, maana kuchachusha hakuondoi sumukuvu kwa kiwango cha kutegemewa. Mtoto aliyezaliwa njiti au mtu mwenye kinga iliyoshuka sana asipewe vyakula vyenye bakteria hai bila ushauri wa daktari. Baada ya siku mbili hamira za asili huanza kutengeneza kileo, na togwa iliyofika hapo haifai tena kwa watoto.