Vifaa vya mazoezi ya rivolva bila risasi: kipi kwanza, kipi uache

Ukipitia maduka ya mtandaoni ya vifaa vya mazoezi ya bastola, karibu kila unachokiona kimebuniwa kwa ajili ya bastola ya magazini. Nyingi za aina hiyo ukishazifyatua bila risasi, hazifyatuki tena sawasawa mpaka uvute slaidi, yaani kifuniko cha juu, nyuma. Ndiyo maana watengenezaji wamehangaika kubuni vifyatulio vinavyojirudisha na magazini za umeme. Rivolva haina shida hiyo. Ukivuta kifyatulio nyundo inapanda, silinda inazunguka, nyundo inaanguka. Ukiachia, iko tayari tena. Mwenye rivolva anayenunua vifaa vile analipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa mwenye leseni hapa Mwanza, awe mfanyabiashara wa samaki, mnunuzi wa dhahabu au mlinzi wa kampuni, orodha yangu ya kuanzia ni fupi: mahali salama pa kulenga, risasi bandia (zisizo na baruti) za kujaza silinda nzima, na sarafu moja. Vingine vinasubiri.

Nianze na mahali pa kulenga, kwa sababu ndipo watu wanapopuuza. Risasi ya .38 Special, ya kawaida kwenye rivolva, hupita bati na mlango wa mbao bila taabu, na ukuta wa tofali zenye matundu si wa kuwekea dhamana. Halafu Jiji la Miamba lina kishawishi chake: nyumba zetu nyingi zimeegemea majabali, na jabali linaonekana kama kinga isiyo na mfano. Halifai hata kidogo. Granaiti haimezi risasi, inairudisha au inaipeleka pembeni, na upande gani huwezi kubashiri. Kinachomeza ni mchanga. Jaza mchanga mkavu kwenye viroba, uvipange juu ya meza imara kwa kimo unacholenga, unene usipungue sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, kisha bandika shabaha hapo. Vuta pazia pia. Jirani anayeona mtu ameshika bastola dirishani hawezi kujua kwamba ni tupu.

Kuhakikisha kwamba ni tupu kuna utaratibu wake. Fungua silinda, inua mtutu juu, sukuma fimbo ya kutolea maganda mara moja kwa nguvu, kisha hesabu kilichoanguka. Sita ziwe sita, au tano kama silinda yako ni ya tano. Halafu pitisha ncha ya kidole kidogo kwenye kila tundu, usitegemee macho tu, maana umeme hukatika wakati wowote. Risasi halisi zipeleke chumba kingine, uzifungie. Zisibaki mezani, zisibaki mfukoni.

Sasa risasi bandia, na hapa sina haraka. Fungua silinda ukiwa umeipakia, uirudishe, kisha tazama rivolva kwa ubavu, kwenye ule mwanya mwembamba kati ya silinda na fremu. Unachokiona ni kingo za vitako vya maganda, basi. Kichwa cha risasi hukioni vizuri kwa upande huo. Kuna risasi bandia za plastiki nyekundu inayong'aa ambazo kitako chake ni cha shaba, na ukiitazama rivolva kwa ubavu haitofautiani na yenye risasi za kuua. Chagua ambazo rangi inafika hadi kwenye ukingo wa kitako. Za alumini iliyotiwa rangi mwili mzima ndizo ninazozipendelea kwa sababu hiyo.

Angalia pia palipo na fataki, yaani kile kidonge cha katikati ya kitako kinachowasha baruti kikipigwa. Risasi bandia nzuri ina kipande cha plastiki ngumu au kitufe chenye springi kinachopokea pigo la pini. Ganda lililokwisha tumika halifanyi kazi hiyo, fataki yake imeshabonyea na pini inapiga hewa tu. Na usikubali kamwe fundi akutengenezee risasi bandia kwa kung'oa kichwa na kumwaga baruti ya risasi halisi. Fataki inabaki hai, na italia.

Kwa vipimo, ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29.3 na la .357 Magnum milimita 32.8. Bandia za .38 zinaingia kwenye rivolva zote mbili, za .357 haziingii kwenye ya .38. Nunua za .38 na umemaliza. Muuzaji akikupa za milimita 9 akisema zinakaribiana, mrudishie, hazina ukingo wa kushikwa na nyota ya kutolea maganda, kile kisahani cha nyuma ya silinda kinachoyasukuma nje.

Je, ni lazima kupakia bandia? Rivolva nyingi za kisasa zinazotumia risasi zenye fataki katikati ya kitako hustahimili kufyatuliwa tupu, na kitabu cha mtengenezaji kitakuambia. Ila ya .22 ni jambo jingine. Risasi ya .22 fataki yake imo ndani ya ukingo, kwa hiyo pini hupiga ukingoni. Kama tundu ni tupu, pini inaweza kugonga mdomo wa tundu lenyewe, chuma kwa chuma, ikaacha kidonda ambacho baadaye kitafanya risasi igome kuingia au ganda ligome kutoka. Kwa .22 usifyatue bila kitu ndani, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa maandishi.

Kuna sababu ya pili ya kupakia bandia hata kwenye .38. Katika baadhi ya rivolva za zamani, nyota ya nyuma ya silinda hutulia sawasawa pale tu matundu yanapokuwa na maganda. Bila maganda inacheza kidogo, na unaweza kudhani silinda haifiki mahali pake ilhali bastola ni nzima.

Taa ya leza inakuja baada ya hayo, na kuna aina mbili. Ya kwanza ina umbo la risasi na hukaa kwenye tundu. Pini ikiigonga, inawaka. Kwa bastola ya magazini inafaa sana. Kwenye rivolva, silinda inazunguka: leza moja itawaka mara moja kati ya mivuto sita, labda ununue sita. Aina ya pili huchomekwa mdomoni mwa mtutu na huwaka kwa mtikisiko wa nyundo inapoanguka. Hiyo haijali silinda iko wapi. Ukinunua, nunua hiyo, na uhakikishe kipimo cha mtutu wako kimo kwenye maelezo. Betri zake ni ndogo kama za saa, kwa hiyo agiza na za akiba. Tumia jioni au chumba chenye mwanga hafifu. Doa jekundu hupotea kwenye jua letu la saa saba mchana.

Hata hivyo leza inakuambia doa lilikuwa wapi, haikuambii kwa nini. Sarafu inakuambia. Laza sarafu ya shilingi 50 juu ya mtutu, nyuma tu ya kilengeo cha mbele, kisha vuta kifyatulio taratibu mpaka nyundo ianguke. Mvuto wa rivolva bila kukokea nyundo ni mzito, mara nyingi kilo 4.5 hadi 6, karibu mara tatu au zaidi ya mvuto wa nyundo iliyokokewa. Sarafu ikianguka kabla ya nyundo, mkono mzima unakaza pamoja na kidole. Ikianguka baada ya nyundo kulia, unalegeza mapema. Kuna wanaosita katikati, wakisubiri kale kamlio ka silinda kufunga, ndipo wamalizie. Sarafu itakaa, lakini unajifundisha mivuto miwili badala ya mmoja. Mvuto uwe mmoja, usiokatika.

Shabaha chora mwenyewe. Ukisimama mita 3 na unataka kuona kama mita 15, gawa kwa tano: duara la sentimita 25 linakuwa la sentimita 5. Silinda sita zinatosha kwa siku, yaani mivuto 36. Zaidi ya hapo kidole kinachoka na kinaanza kujifunza uvivu.

Kipakizi cha haraka, kinachoingiza risasi zote kwenye silinda kwa mpigo mmoja, ninakipenda, ila kinachaguliwa kwa fremu, si kwa kipimo cha risasi peke yake. HKS 10-A, kwa mfano, ni cha Smith & Wesson za fremu ya K (ya ukubwa wa kati) zenye risasi sita; kwenye rivolva ndogo ya tano hakiingii. Jaribu pia kama mpini wa mbao wa upande wa kushoto haukizuii. Na ujue kwamba risasi halisi yenye kichwa cha greni 158 (kipimo cha uzito wa vichwa vya risasi) ina uzito wa gramu 15 hivi. Bandia za alumini ni nyepesi zaidi, hivyo haziporomoki kwa uzito wake, na utazilaumu bure.

Ukiagiza risasi bandia kutoka nje, ulizia kwanza polisi wa leseni za silaha, na usizibebe kwenye mkoba wa mkononi uwanja wa ndege. Kwenye mashine ya ukaguzi ni risasi tu.

Kila wiki kagua skrubu za ubavuni na za mpini, mazoezi haya huzilegeza. Chembe za alumini hujikusanya chini ya nyota. Ikiinuka kwa unene wa unywele tu, silinda inakwama. Mswaki mkavu unatosha, kisha tone moja la mafuta. Zitoe bandia kabla ya kuihifadhi, maana unyevu wa ziwa hukaa ndani ya matundu yaliyozibwa.