Auston Matthews kabla hajawa staa: mambo watu wanayodanganyana na yaliyotokea kweli

Kuna stori ya Auston Matthews inazunguka sana kwa wanaofuatilia hoki ya barafu, yani dogo katokea jangwani, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ikamkataa, akakimbilia Ulaya kujitafuta, karudi kapiga goli nne siku ya kwanza na timu yake ya Toronto Maple Leafs ya Kanada ikafufuka. Tamu kweli kuisikiliza ila karibu kila kipande chake kimepindishwa kidogo, na mimi naona yaliyotokea kweli ni matamu zaidi, mana ukiyafuata hukuti muujiza hata mmoja, unakuta kalenda, sheria za ligi, mabomba ya maji na watu waliojitoa. Twende taratibu.

ETI HOKI YA BARAFU NI YA WATU WA BARIDI, MTOTO WA ARIZONA KAJUAJE

Amezaliwa San Ramon, California, Septemba 17, 1997, familia ikahamia Scottsdale, Arizona akiwa bado mchanga kabisa. Ni kweli Scottsdale ni jangwa, kiangazi joto linapita nyuzi 40 na watu wanaona kawaida tu. Ila hoki ya kulipwa haichezwi kwenye ziwa lililoganda, inachezwa ndani ya jengo na barafu yenyewe inatengenezwa. Chini kuna sakafu ya zege, ndani ya zege wametandaza mabomba, kwenye mabomba yanapita maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri, alafu juu yake wanamwaga maji kidogo kidogo, tabaka moja likiganda wanamwaga jingine, mpaka unene ufike kama sentimita mbili na nusu au tatu hivi. Ukiwa na umeme na hela barafu unaiweka popote, si hata Nairobi pale hoteli ya Panari waliiweka na ndo ikazaa timu ya Ice Lions. Na ile mashine kubwa inayopita kusafisha na kulainisha barafu kati ya vipindi, Zamboni, ilibuniwa California hukohuko kwenye jua mwaka 1949, wala sio Alaska.

Sasa kwa nini Arizona kulikuwa na barafu kipindi yeye anakua, jibu ni biashara. Mwaka 1996 timu ya Winnipeg Jets iling'olewa Kanada ikahamishiwa Phoenix ikawa Coyotes, mwaka mmoja tu kabla hajazaliwa. Timu ya ligi kuu ikija mjini inakuja na viwanja vya mazoezi, wachezaji wastaafu wanaobaki kufundisha, ligi za watoto, vyote. Ndugu wa baba yake alikuwa na tiketi za msimu, wakawa wanaenda na katoto hata miaka mitatu bado, na familia imesimulia mara nyingi tu kwamba kilichomvutia kwanza haikuwa mchezo, ilikuwa Zamboni. Mechi yenyewe anaangalia kwa mbali, ikiingia ile mashine ndo macho yanamtoka.

Alafu kuna kitu ambacho watu wa Kanada kilichukua muda kuwaingia kichwani. Phoenix kulikuwa na sehemu inaitwa Ozzie Ice, barafu yake ndogo, sio ule uwanja kamili wa mita 61 kwa 26, kwahiyo watoto wanacheza watatu kwa watatu wamebanana. Hapo huna pa kukimbilia, ukipewa paki (kile kidude bapa cha mpira kinachopigwa kwa fimbo) tayari kuna mtu kifuani, inabidi mikono ifanye kazi kwenye nafasi ya meza. Ukiangalia Matthews wa leo anavyoivuta paki kuelekea miguuni kwake alafu anaachia shuti kabla kipa hajajipanga, unaona kabisa hiyo ni mikono ya mtu aliyekua kwenye sehemu finyu. Akaongezewa na kocha wa kuteleza anaitwa Boris Dorozhenko, Mukreni aliyewahi kufundisha hoki Meksiko kabla hajafika Arizona, huyu mazoezi yake ni ya kurukaruka na kuchuchumaa na kuegemea kona za ajabu za kiatu, wazazi wengine waliokuwa wakipita walikuwa wanashangaa hii ni hoki au ni sarakasi. Na kupitia yeye dogo alienda kucheza mashindano makubwa ya watoto kule Quebec mwaka 2010 akiwa na timu ya Kharkiv ya Ukreni, sio timu ya Marekani. Mtoto wa jangwani mwenye mama Mmeksiko wa Hermosillo, yuko Quebec, kavaa jezi ya Waukreni. Mtu unaweza kuona ni fujo lakini ndo shule yake ilikuwa hiyo.

"SI MKANADA HUYU?"

Hapana. Jezi ya Toronto ndo inawachanganya watu. Ni Mmarekani, na timu ya taifa anayochezea ni Marekani, kaichezea tangu utotoni.

ETI NI MTOTO WA MATAJIRI TU

Hii sitaitupa yote, mana hoki kweli ni mchezo wa gharama: viatu vyake, vifaa vya kujikinga mwili mzima, fimbo zinazovunjika, kulipia saa za barafu, na ukiwa Arizona mashindano yote yako mbali kwahiyo ni ndege au barabara ndefu. Familia haikuwa ya kulala njaa. Lakini haikuwa ya mabilionea pia, mama yake alifanya kazi zaidi ya moja kipindi dogo anakua ili hela itoshe, na nadhani ukiona mtu anasema "kanunuliwa nafasi" muulize kama anajua hilo.

ETI DRAFTI YA 2015 WALIMRUKA KWA SABABU HAKUWA TAYARI

Drafti ni lile zoezi la kila mwaka timu za NHL zinachagua vijana kwa zamu, na hapa ndo penye uongo mkubwa kuliko wote. Kuna hadi mtu anakuambia kwa uhakika kabisa kwamba maskauti, yani watafuta vipaji wa timu, walimdharau, alafu anaongeza na chumvi eti walisema mtoto wa jangwani hawezi.

Kilichotokea ni tarehe. Ili uchaguliwe kwenye drafti ya NHL lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka ule. Yeye siku yake ya kuzaliwa ni Septemba 17. Siku mbili. Basi, hakuna lingine. Angezaliwa mapema siku mbili angekuwa kundi moja na Connor McDavid aliyechaguliwa wa kwanza na Edmonton na Jack Eichel aliyeenda Buffalo wa pili, na fikiria mwenyewe waliokuwa na nafasi ya tatu mwaka ule ni nani, Coyotes, timu aliyoenda kuiangalia akiwa mtoto.

Na kuhusu uwezo, msimu wa 2014-15 akiwa kwenye programu ya vijana ya taifa ya Marekani kule Ann Arbor, Michigan, alifunga goli 55 na kufikisha pointi 117 (goli na asisti, yani pasi za goli, zikijumlishwa) kwa mechi 60. Rekodi ya pale alikuwa nayo Patrick Kane, pointi 102, na Kane mwenyewe kaishia kuwa staa mkubwa wa NHL. Aprili 2015 kwenye kombe la dunia la vijana chini ya miaka 18 Marekani wakachukua dhahabu na yeye akawa mchezaji bora wa mashindano. Huyo ndo wanasema hakuwa tayari.

Tena wanaosema njia yake ilikuwa nyoofu wanasahau msimu uliotangulia. Alivyofika tu kwenye hiyo programu, mwanzo kabisa wa msimu wa 2013-14, akavunjika mfupa wa paja, ule mfupa mkubwa kuliko yote mwilini, akakaa nje miezi. Una miaka 16, uko mbali na nyumbani, mwenzako anakimbia wewe uko na magongo. Kwenye mabango ya staa sehemu hii huwa haiwekwi.

ETI ALIENDA USWISI KULA HELA KWENYE LIGI NYEPESI

Sasa una mwaka mzima wa kusubiri drafti, unafanya nini. Njia za kawaida zilikuwa mbili, ya kwanza ni ligi ya vijana ya Kanada magharibi ambako Everett Silvertips walikuwa na haki zake tangu 2012, walimchukua nafasi ya 57 huko, ya pili ni chuo kikuu Marekani. Na wakati ule ukigusa ile ligi ya vijana chuo kinakufungia mlango, kwahiyo sio kuchagua tu, ni kuchagua na kufunga. Yeye akachukua njia ya tatu ambayo Mmarekani wa umri wake hakuwa ameizoea, akasaini ZSC Lions ya Zurich, mama yake akafungasha akaenda kuishi naye.

Hela alilipwa ndiyo, ni klabu ya kulipwa. Lakini wepesi uko wapi? Ligi ya Uswisi ni wanaume, kuna waliowahi kucheza NHL, na kipindi hicho kila timu iliruhusiwa wageni wanne tu uwanjani kwa mechi, yani klabu inayotaka ubingwa ikachukua nafasi moja ya mgeni ikampa mtoto wa miaka 17. Ungekuwa wewe shabiki wa Zurich ungekubali? Kocha Marc Crawford aliyewahi kuchukua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na Colorado mwaka 1996 ndo aliyemwamini. Na hata kuanza hakuanza siku moja na wenzake, ilibidi asubiri atimize 18 ndo aruhusiwe kufanya kazi kule, mechi za mwanzo kaziangalia jukwaani, siku moja baada ya kutimiza miaka akaingia, akafunga.

Akamaliza na goli 24 na asisti 22 kwa mechi 36. Kwenye kura za mchezaji bora wa ligi nzima akashika nafasi ya pili nyuma ya Pierre-Marc Bouchard, mtu aliyecheza NHL miaka mingi. Ila sio kwamba kila kitu kiliisha kwa shangwe, ZSC waliongoza msimu wa kawaida alafu wakafika mtoano wakatolewa raundi ya kwanza na Bern 4-0, Bern ambao walijivuta wa nane na ndo wakawa mabingwa. Hoki hiyo.

Faida ya Uswisi kwa macho yangu ni mwili na maamuzi. Viwanja vya Ulaya ni vipana zaidi, kama mita 30 kwa upana, ukiwa senta, mshambuliaji wa kati kama yeye, una eneo kubwa la kulinda na wanaokukaba ni watu wazima wenye watoto nyumbani, hawakupishi njia. Ndo mana alivyofika NHL hakuna aliyemwona anashtuka.

ETI ALICHAGUA TORONTO KWA SABABU YA HELA NA UMAARUFU

Mchezaji hachagui, jamani. Timu zilizofanya vibaya ndo zinapewa nafasi kubwa kwenye bahati nasibu ya kupata namba moja, na Leafs msimu wa 2015-16 walimaliza wa mwisho ligi nzima, timu 30 wao wa 30. Hata hivyo nafasi yao ilikuwa asilimia 20 tu, mipira ingeangukia kwingine sasa hivi tungekuwa tunaongea habari nyingine. Juni 24, 2016 pale Buffalo wakamtaja wa kwanza, Mmarekani wa kwanza kuwa namba moja tangu Kane 2007, na Patrik Laine wa Finland akaenda Winnipeg wa pili.

Na hizo hela za kufikirika, mkataba wa kwanza NHL una kikomo kwa kila mtu. Wakati ule mshahara hauzidi dola 925,000 kwa mwaka, kinachoongezeka ni bonasi za kutimiza malengo. Nyingi kwako na kwangu, sikatai, ila hakukuwa na mnada wowote wa kumgombania.

ETI ZILE GOLI NNE NI REKODI YA MILELE NA ZILIMALIZA MCHEZO

Oktoba 12, 2016, Ottawa, mechi yake ya kwanza. La pili ndo la kutafuta uangalie: anapoteza paki, anaifuata mwenyewe katikati ya watu, anaipitisha, anamnyang'anya Erik Karlsson ambaye ndo beki bora wa dunia kipindi hicho, alafu anampiga Craig Anderson golini kama vile walikuwa mazoezini. Kamera ikaenda jukwaani, mama analia. La nne likaingia zimebaki sekunde chache kipindi cha pili kiishe. Na kwenye benchi la Ottawa kati ya makocha wanaoangalia haya yote alikuwepo Marc Crawford, yuleyule wa Zurich, kahamia huko kiangazi hicho.

Ila rekodi, ni ya zama hizi za ligi. Desemba 19, 1917, usiku wa kwanza kabisa wa NHL, Joe Malone na Harry Hyland walifunga tano tano kila mtu. Na Toronto siku hiyo ya goli nne walifungwa 5-4. Kyle Turris akamaliza kwenye muda wa nyongeza, na mtu aliyetakiwa kumkaba Turris alikuwa Matthews mwenyewe, alivyohojiwa akasema lile goli ni kosa lake.

Baada ya hapo wengi wanaruka hadi kwenye zawadi ya Calder ya mchezaji bora aliye msimu wake wa kwanza NHL, kana kwamba alikuwa anafunga kila siku. Wiki chache tu baada ya Ottawa alikaa mechi 13 mfululizo bila goli hata moja, Toronto mji mzima ukaanza kuulizana. Hakutolewa, hakubadilishwa, alipiga mashuti yaleyale mpaka yakaanza kuingia tena, akacheza mechi zote 82, akavunja rekodi ya klabu ya Wendel Clark ya goli 34 kwa mchezaji wa msimu wa kwanza. La 40 alifunga Aprili 2017 dhidi ya Pittsburgh, golini hakuna kipa kwa sababu wapinzani walishamtoa waongeze mshambuliaji, 5-3, na usiku huo ndo Leafs wakakata tiketi ya mtoano.