Ukiteleza bafuni mkono ukavunjika, uliza kwa nini

Kliniki ya mifupa asubuhi imejaa vijana wa bodaboda, na pembeni yao kina mama waliovuka miaka 50. Wa bodaboda wana maelezo yao yanayoeleweka: wamegongwa na gari. Mama ukimuuliza, "Shikamoo mama, ulianguka vipi?" jibu ni fupi: "Marahaba mwanangu, niliteleza tu." Kifundo cha mkono kimevunjika. Anafungwa P.O.P (plasta ngumu), anapewa tarehe ya kurudi, basi. Hakuna anayejiuliza imekuwaje mtu aanguke kutoka kimo chake mwenyewe, ndani ya bafu lake, na mfupa ukatike.

Mfupa mzima hauvunjiki kirahisi hivyo. Mama aliyekoma hedhi akivunjika kwa kuteleza, mimi namhesabu ana osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika, mpaka vipimo vikanushe. Tena aliyevunjika mara moja, hatari yake ya kuvunjika tena ni karibu mara mbili ya mwenzake, na safari hiyo inaweza kuwa nyonga. Nyonga ni habari nyingine kabisa: upasuaji, kulala kitandani, vidonda vya mgongo, nimonia.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna chembe zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Ukifika miaka kama 30 umeshajiwekea karibu akiba yako yote. Baada ya hapo ubomoaji unaanza kuuzidi ujenzi taratibu, na kwa mwanamke unashika kasi hedhi ikikoma, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikizidhibiti chembe za kubomoa, imeshuka. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake, bila hata kuumwa. Wanaume nao hupoteza, ila polepole.

Kuna kitu ninachokifanya bila mashine yoyote. Mama anavua viatu, anasimama na kuegemea ukuta, visigino na makalio vikigusa, anaangalia mbele. Kisogo kikigusa ukuta, sawa. Kisipogusa, napitisha vidole kwenye uwazi. Vikipita kadhaa, nashuku pingili za mgongo zimebonyea kimyakimya, naomba eksirei. Hivyohivyo kwa aliyepungua kimo sentimita 4 au zaidi tangu ujana wake. Kipimo cha DEXA, eksirei maalumu ya kupima uzito wa mfupa, ni kizuri, lakini mashine hazipo kila mahali, na aliyevunjika nyonga au pingili kwa kuteleza tu hana haja ya kuisubiri ndipo atibiwe. Vipimo vya damu asivikwepe, kwani mieloma (saratani ya uboho), matatizo ya figo na ya tezi ya shingo vyote vinaweza kuudhoofisha mfupa.

Sasa nitawaudhi wapenda supu. Supu ya kongoro ni tamu, mimi mwenyewe naila, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa na kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Mwanamke aliyevuka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na miba yao ndio mfupa wenyewe unaouingiza mwilini. Uji wa ulezi unasaidia, sukuma wiki pia. Mchicha una kalsiamu nyingi, ila oksaleti, kemikali zilizomo ndani yake, huishikilia na mwili unapata kidogo. Vitamini D hutoka zaidi kwenye jua, na anayeshinda ndani au anayejifunika mwili mzima anaweza kupungukiwa hata akiwa Tanga au Mombasa.

Kuna na dawa. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kununuliwa dukani kwa ajili ya "maumivu ya viungo", ikimezwa miezi mitatu na kuendelea, huula mfupa vibaya. Tenofoviri iliyo kwenye ARV nayo hupunguza uzito wa mfupa kiasi. Usiiache, mwambie daktari wako akufuatilie.

Mazoezi: mfupa hukaa imara ukibebeshwa uzito. Kutembea ni kuzuri, ngazi ni bora zaidi, na kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika popote hujenga mapaja yatakayokuzuia usianguke. Simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na meza. Lakini ambaye pingili zake zimeshabonyea, fagio fupi la chelewa aliweke kando, na ndoo asiinyanyue kwa kukunja mgongo. Fagio la mpini mrefu ni bei ndogo. Kandambili zilizolika zitupwe, njia ya chooni iwe na taa, mtoto wa jicho atolewe.

Dawa ninayoiandika zaidi ni alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki. Kimezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha mtu akae wima nusu saa bila kula. Akilala mapema kinaweza kuchoma koo la chakula. Ramadhani huwa nawaambia wakimeze adhana ya Magharibi kwa maji, wabaki wima, na tende zisubiri ile nusu saa. Anayeona ni kazi ngumu, kuna sindano ya mara moja kwa mwaka, ila figo zipimwe kwanza.