"Niende Sasa Mtoto Bado Mdogo, Hajui Kitu": Nani Kawaambia?

Jamani. Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, na hiyo ya tatu nikashindwa hata kuficha uso. Mimi ni mshauri nasaha, ofisi iko huku Tudor, Mombasa, na wengi wanaonijia hawajagombana na mtu, ni watu wamepata barua ya kazi. Ile kazi aliyoiota miaka, Dubai, Doha, Nairobi, melini. Anaingia anacheka, barua iko kwa simu, mshahara ndio anakuonyesha kwanza. Halafu anakaa, anashusha pumzi: "Afadhali niende saa hizi mtoto bado mdogo hajui kitu, akifika umri wa shule ntakuwa nishajipanga nimerudi."

Hajui kitu. Haya, leo tutakaa hapo, hayo mengine mnayoniambia ntayapitia mbio mbio.

Mtoto wa miezi saba minane anamjua mtu wake. Mpe jirani ambebe uone anavyojinyonga akikutafuta kwa macho. Na kile kilio cha kuachwa kinazidi kupanda mpaka mwaka na kitu, yaani ule ule umri mnaoniambia ndio mzuri wa kuondoka! Watu wanachanganya kukumbuka na kujua. Kweli, wengi wetu hatukumbuki yaliyotupata kabla ya miaka mitatu hivi. Lakini hukumbuki pia siku uliyojifunza kutembea, na mbona watembea?

Panaponiuma ni hapa. Miaka ya 1950 huko Uingereza, daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby na mwenzake James Robertson waliwachunguza watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi, wengine wamelazwa hospitali enzi ambazo mzazi alikuwa anakuja kutazama tu kisha anaondoka. Wakaona mtoto anapitia hatua tatu. Kwanza anapinga, analia, hataki mtu. Kisha anakata tamaa, ananyamaza, anakaa tu. Mwisho anajitenga: anakula, anacheka na kila mtu, na mamake akija hana haja naye. Manesi wakawa wanasema huyu ametulia. Na nyinyi mnaniambia nini? "Ashazoea, siku hizi hata halii." Wallahi nikisikia hivo natamani kufunga ofisi niende zangu pale baharini Mama Ngina nikale mihogo.

Kuna mama mmoja mpishi, alipata kazi Dubai akamwacha wa kwake na mwaka na miezi minne. Miaka miwili baadaye akashuka na mabegi, mtoto kapambwa, kapelekwa airport, akamfuata mamake vizuri kabisa akampa mkono, "Shikamoo anti." Familia nzima ikacheka. Yeye alikuja kwangu wiki iliyofuata, na hakuwa anacheka.

Sasa msije mkasema nimewakataza watu kazi. Sijakataza. Mtoto anaweza kubaki na nyanya au shangazi akakua sawa sawa, huku Pwani wengi tumelelewa hivo, mimi mwenyewe miaka mitatu nilikuwa kwa shangazi Mji wa Kale na sina kinyongo. Kinachomuharibu mtoto ni kupitishwa mikono, mwezi huu kwa nyanya Kisauni, mwezi ujao kwa mjomba Changamwe, Ramadhani kwa shangazi Malindi na katikati hapo dada wa kazi wanne wamekuja wameondoka. Kwa hivyo swali la "niende nisiende" mimi silijibu. Nakuuliza anabaki na nani, na je huyo mtu umemuomba au umemuarifu tu? Manake wengi wenu nyanya mwenyewe ana presha na magoti, anaambiwa siku mbili kabla ya safari.

Na muageni mtoto! Hili nalisema mpaka watu wamenichoka. Kuna mtindo wa kungoja alale ndio utoke na begi kimya kimya, eti asilie. Kilio unakikwepa kwa faida yako, si yake, yeye ataamka akutafute chumba hadi chumba, na kuanzia hapo hata ukienda dukani anakushika nguo kwa sababu ashajua wewe ni mtu wa kupotea. Akiwa macho, mwambie naenda kazini mbali, utakaa na nyanya, ntakupigia simu kila siku baada ya Magharibi. Kisha upige kweli. Dubai iko mbele yetu saa moja tu, na Doha saa ni ile ile ya Mombasa, kwa hivyo habari za masaa kutoelewana msiniletee. Yule mpishi aliporudi kazini safari ya pili alimuaga mlangoni, mtoto akalia mpaka majirani wakatoka, akanipigia akiwa airport naye analia. Nikamwambia vizuri, safari hii analiliwa mama, si anti.

Haya, mengine.

"Haya ni mambo ya kina mama." Nani kasema? Baba baharia akirudi baada ya miezi tisa anaanza kutoa amri kwenye nyumba ambayo imejiendesha bila yeye, halafu anashangaa mbona watoto wanamtazama mama kwanza kabla ya kumjibu. Yote niliyosema hapo juu yanamhusu, na kuaga pia.

"Nikitulia huko ntawavuta." Soma masharti kwanza, ndoto baadaye. Imarati, yaani huko Dubai na jirani zake, kumleta mke au mume na watoto unatakiwa uwe na mshahara usiopungua dirham 4,000, au 3,000 na nyumba juu. Kuna watu wanaahidi watoto hapa na mkataba wao ni wa dirham 1,500. Uingereza nako tangu Machi 2024 wanaoingia kwa kazi ya kutunza wazee hawaruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto, na tangu Julai 2025 hata kuajiri wapya wa kazi hiyo kutoka nje wamefunga. Wakala hatakwambia.

"Nairobi si mbali, SGR ipo, kila wikendi ntakuwa nyumbani." Treni yenyewe ni masaa matano sita, lakini kule unapandia Syokimau na huku unashukia Miritini, kwa hivyo jumlisha na safari ya matatu ya mwanzo na ya mwisho. Ukipanda ya usiku Ijumaa unafika kabla hakujakucha, Jumamosi unashinda umelala, Jumapili unarudi. Nimeona wanaoanza na kila wikendi, baada ya miezi miwili ni mwisho wa mwezi, baadaye ni Idi na Krismasi. Panga mwisho wa mwezi tangu mwanzo na usikose hata mmoja, hiyo mtoto anaweza kuitegemea.

"Mshahara ni mara mbili." Mara mbili kwenye karatasi. Kwa viwango vya 2025, kinachozidi shilingi 32,333 kwa mwezi kinakatwa PAYE, kodi ya mshahara, asilimia 30, ongeza SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kila elfu moja ya nyongeza inakufikia kama 670, na hapo NSSF, akiba ya uzeeni, bado. Halafu kodi ya nyumba mbili, nauli, na dada wa kazi. Kaeni na bwanako, au na bibi yako, mpige hesabu ya kinachobaki, kwa kalamu.

"Nikiuliza habari za likizo kwa intavyuu wataniona mvivu." Hii ndio inafanya watu wanasaini bila kujua. Likizo si hisani ya bosi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka na mshahara kamili, siku moja ya kupumzika kila wiki, mama miezi mitatu ya uzazi na baba wiki mbili. Imarati ni siku 30 kwa mwaka, ila hizo ni za kalenda, wikendi zimo ndani. Uliza kabla ya kusaini: likizo naipata mwezi gani, tiketi ya nyumbani analipa nani, zamu inapangwaje. Uliza kwa email ili jibu libaki kwa maandishi, na mwambie unahitaji siku mbili tatu ukazungumze nyumbani. Mwenye kazi ya maana atakungojea hizo siku tatu, na asiyeweza kungoja, basi nawe uliza kwa nini ana haraka hivo.